Siku nne Mji Mkongwe na mama mwenye sukari: tule wapi?

"Shikamoo. Mwezi wa saba nakuja Unguja kwa mara ya kwanza, siku nne, tutafikia Mji Mkongwe. Natoka Mwanza. Nitakuwa na mama yangu, ana miaka 68 na ana sukari, pamoja na mwanangu wa miaka sita. Sitaki kumaliza safari nikila chipsi kuku. Lakini nimechanganyikiwa. Mwenzangu kazini aliniambia Forodhani ni wizi mtupu na alirudi na tumbo. Mwingine anasema asiyekula Forodhani hajafika Zanzibar. Nikiangalia kwenye simu, sehemu zenye nyota nyingi zote ziko ufukweni na bei zake ni za wazungu. Tule wapi chakula cha Kizanzibari cha kweli, tusiugue, na mama asipandishe sukari?"

Marahaba, dada yangu, na karibuni sana. Hofu yako naifahamu. Unataka kula vizuri, hutaki kuchezewa bei, na unakuja na watu wawili ambao mmoja akiugua safari imekwisha. Mimi nilikuwa bwana afya hapa mjini kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kuingia jikoni za watu, kufunua masufuria na kuchomeka kipimajoto kwenye wali. Jioni nilikula kwa watu wale wale niliowakagua asubuhi, kwa hiyo nitakujibu kama mkaguzi na kama mlaji.

Nianze na jambo ambalo simu haikwambii. Unapouliza "tule wapi", nadhani una picha ya mkahawa mmoja mzuri unaopika kila kitu kutwa nzima. Chakula chetu hakikukaa hivyo. Hapa kila chakula kina saa yake na kina mtu wake. Mwenye chapati na supu anaanza alfajiri, na saa tatu na nusu anaosha masufuria. Mwenye wali na mchuzi anapakua kuanzia saa sita mchana, na ukimwendea saa tisa unakuta ukoko. Mwenye urojo, ule mchuzi mwepesi wa bakulini wenye badia na mbatata, anapanga meza yake alasiri. Mwenye mishikaki hawashi mkaa mpaka jua linakaribia kuzama. Wengi wao wanapika kitu kimoja au viwili, na wamekipika hicho hicho tangu ujana wao. Mgeni anayetoka saa tisa mchana kutafuta chakula cha Kizanzibari anakuta watu wamelala na masufuria yamekauka. Anaishia ufukweni kwenye menyu ya kurasa nane, kisha anarudi bara akisema Zanzibar hakuna chakula.

Halafu kuna hili: chakula chetu kizuri kuliko vyote kinapikwa majumbani. Hatuna sana desturi ya familia nzima kutoka kwenda kula mkahawani. Pilau, biriani, boko boko (ngano iliyopondwa na nyama), mkate wa kumimina, hivyo ni vya nyumbani, vya harusi na vya sikukuu. Wanaouza nje ni akina mama wanaopika kwao na kuuza mlangoni, au mafundi wa chakula kimoja. Hawana kibao wala ukurasa kwenye intaneti. Zile nyota ulizoziona zinatolewa na wageni, na mgeni anapima kile alichokifurahia: upepo, kiti, machweo, mhudumu anayejua Kiingereza. Si uongo. Mkitaka kutazama jua likizama baharini, nendeni mkanywe juisi na mtafurahi. Msiende huko na njaa.

Sasa namna ya kuuliza, maana hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. Ukimwuliza Muunguja "wapi kuna chakula kizuri?", kwa heshima ya mgeni atakuelekeza mahali anapodhani panakufaa wewe, penye viti vya kitambaa na kiyoyozi. Anaona haya kukupeleka anapokula yeye. Mwulize hivi: "Wewe urojo unakula kwa nani?" Hapo atacheka, atamwita mwenziwe, na watabishana mbele yako, huyu anasema kwa fulani, yule anasema fulani siku hizi amezidisha unga. Ubishi huo ndio unaoutaka. Jina litakalotajwa mara mbili, lifuateni. Waulize wanaokunywa kahawa barazani pale Jaws Corner, mwulize mwenye duka, mwulize kondakta wa daladala. Anayekufuata mwenyewe na kusema "njoo nikupeleke" huyo ni papasi. Wengi si watu wabaya, lakini akikufikisha anapata kamisheni, na kamisheni hiyo utailipa wewe ndani ya bei ya chakula.

Mchana wa kwanza, kabla hamjazoea vichochoro, nendeni Lukmaan pale Mkunazini, penye mbuyu. Vyakula vimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, pweza wa nazi, mboga. Passing Show ya Malindi nayo imelisha mji kwa muda mrefu. Mtakuta watalii, lakini mtakuta pia makarani na wenye maduka wanaorudi kazini saa nane, na mchanganyiko huo kwangu ni dalili njema, kwa sababu karani anakula hapo kila siku na siku akiugua hatarudi. Fikeni mapema, saa sita na nusu, chakula kinapotoka jikoni. Isipokuwa Ijumaa: mji unasimama kwa ajili ya swala, kwa hiyo kuleni kabla ya adhana au subirini hadi karibu na saa nane.

Urojo nitauzungumza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndio chakula ambacho mtu wa bara anakiogopa kwa macho na kukipenda kwa ulimi. Simama pembeni ya meza utazame. Mama anachukua bakuli, anatia badia mbili na kachori moja, vitafunwa vya kukaangwa, anavivunja kwa kijiko. Anatia mbatata zilizochemshwa, ndizo mnazoita viazi mviringo. Anafunua sufuria la rojo, jepesi, la njano ya manjano, lenye ukali wa embe mbichi au ndimu, analikoroga mpaka chini kwanza kwa sababu unga hukaa chini, ndipo anamimina upawa mmoja. Juu yake anatia mshikaki au yai, chatne ya nazi, pilipili kidogo, na mwisho kabisa chipsi za muhogo zilizosagika, ili zifike kinywani bado zinalia. Ukimwona anazitia mwanzo, huyo ana haraka. Na utazame sufuria lile: linatoka mvuke? Liko juu ya jiko? Kama rojo limepoa na limeganda utando juu, mshukuru upite.

Hapo nimeshaingia kwenye hofu yako ya tumbo. Watu wengi wanaamini chakula cha barabarani ndicho kinachoumiza na cha mkahawani ni salama. Kwa miaka yangu ya ukaguzi sikuona mambo yakigawanyika hivyo. Vijidudu havijui kitambaa cha meza. Vinastawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, yaani kwenye vuguvugu, na vinahitaji muda. Badia inayotoka kwenye mafuta ikaingia mkononi mwako haikuvipa muda. Wali uliopikwa asubuhi ukakaa vuguvugu mpaka usiku umevipa muda wa kutosha, hata ukiwa kwenye sahani ya kaure, kwa sababu zipo mbegu za bakteria ndani ya mchele zinazostahimili kuchemka, na sumu inayotokea humo wali ukikaa haiondoki kwa kupasha. Kwa hiyo mkiwa mbele ya meza yoyote jiulizeni mambo mawili: kimepikwa lini, na kinaisha haraka? Muuzaji anayewaambia wateja "kimekwisha" saa mbili usiku ndiye ninayemwamini. Mwenye kila kitu saa zote ana friza kubwa, na umeme unapokatika sijui friza ile inakuwaje.

Na msidanganyike na pilipili na ndimu. Nimesikia hata wapishi wakisema vinaua vijidudu. Msivitegemee kwa hilo. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuoshwa kwa maji ya mashaka ina hatari kuliko mshikaki ulio juu ya mkaa, hata uikamulie ndimu ngapi. Juisi ya miwa ni nzuri sana ikikamuliwa mbele yako na tangawizi na ndimu, lakini sema "bila barafu", kwa sababu shida mara nyingi ni maji yaliyogandishwa. Tulipopata mlipuko wa kipindupindu mwaka 2015 na 2016, maji na mikono ndivyo vilivyotushughulisha zaidi. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa, na mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu hapa tunakula kwa mkono.

Tumbo lililonitisha kuliko yote sikulipata barabarani. Nilialikwa na jamaa kwenye mkahawa wenye vitambaa vyeupe mezani, sitautaja. Jodari wa kuchoma, ameiva vizuri, hana harufu mbaya. Kipande cha pili tu nikahisi ulimi unawasha kama nimetafuna pilipili manga, na pilipili haikuwemo. Baada ya nusu saa uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani au kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinaitwa histamini, na hicho hakiondoki kwa moto wala kwa barafu ya baadaye. Mpishi hakuwa na kosa siku ile. Kosa lilitokea mapema, kati ya ngalawa na jiko. Kwa hiyo samaki akiwasha ulimi bila pilipili, mteme na muache sahani, hata kama mmeshalipia.

Hii inatuleta kwenye samaki na Forodhani, kwa sababu kesi ya mwenzako kazini nadhani iko hapa. Wavuvi wengi wanaovua usiku wanashusha asubuhi. Samaki huuzwa kwa mnada Malindi na sokoni Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, na mama wa nyumbani anamtaka kabla jua halijawa kali. Samaki wa asubuhi ni wa chakula cha mchana. Changu au kolekole utakayemla saa saba mchana yuko katika ubora wake. Mshikaki wa samaki unaokaa juu ya meza ya Forodhani saa mbili usiku una safari ndefu nyuma yake, na mara nyingi ulishapikwa mapema na unapashwa tu. Mwezi wa saba pia ni kusi, upepo mkali, bahari inachafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku. Siku kama hiyo samaki wa aina zote wakiwa wamejaa mezani, si wote ni wa leo. Mkiwa mkahawani msiulize "samaki ni mbichi?", kwani hakuna atakayesema hapana. Ulizeni "leo kuna samaki gani?" Anayejibu "leo kuna changu na pono tu" amekwambia ukweli. Pweza naye anafuata mwezi: wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali na akina mama wanatembea juu ya mwamba kumtafuta. Kama siku zenu zitaangukia hapo, kuleni pweza wa nazi.

Forodhani nendeni, dada. Ni bustani nzuri mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na jioni watoto wa mji wanaruka baharini kutoka ukutani. Mwanao atafurahi kuwatazama kuliko chakula chenyewe. Si wizi, ila ni mahali ambapo bei haijaandikwa na muuzaji mwenye kofia nyeupe anaanza kukupakulia huku anakutajia majina ya samaki. Mwambieni asimame. Semeni: "Kaka, kwanza bei, kwa kipande kimoja." Rudieni jumla kabla mkaa haujaguswa. Mkizungumza Kiswahili chenu cha Mwanza kwa utulivu, bei itashuka bila ugomvi. Na kuleni kinachopikwa mbele yenu tangu kikiwa kibichi: ile pizza ya Zanzibar, ambayo fundi anavuta donge mpaka linakuwa kama karatasi, anatia nyama ya kusaga, kitunguu na yai, anakunja pembe nne na kuikaanga, muhogo wa kuchoma, mishikaki ya ng'ombe mliyoiona ikiwa mbichi. Kamba na kaa vilivyokwisha kupikwa, viacheni pale vilipo. Ukiniuliza mimi nakula wapi usiku, navuka Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, pembezoni mwa majumba ya Michenzani, ambako wauzaji wanawauzia majirani zao.

Sasa mama yetu. Asinyimwe safari kwa sababu ya sukari, ila mjue sukari iko wapi. Chakula chetu kina wanga juu ya wanga. Urojo ni unga, mbatata, badia na muhogo katika bakuli moja. Ale nusu bakuli, aongeze mshikaki na yai, na wewe umalizie. Mchana aanze na samaki na mboga, wali aje mwisho na uwe kidogo, kwa sababu ukitangulia samaki na mboga sukari haipandi kwa kasi ile ile. Mihogo ya nazi asubuhi ni mizito. Supu na chapati moja inamfaa zaidi. Juisi ya miwa na halua aonje tu, kijiko kwa kijiko. Kahawa ya birika ya barazani kwetu hunywewa chungu, kwa hiyo anywe kwa raha na kashata amwachie mjukuu. Machungwa ya msimu huo ale zima, asinywe juisi yake.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kuliko sukari kupanda ni sukari kushuka. Mikahawa mingi ya wageni inaanza kupika ukishaagiza, na saa nzima inaweza kupita. Mzee akichoma insulini au akimeza dawa ya kushusha sukari akitegemea chakula kinakuja, chakula kikachelewa, anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Boti kutoka Dar es Salaam nayo inachukua kama saa mbili, bila kuhesabu foleni ya bandarini, na bahari ya kusi hutapisha. Beba ndizi, biskuti na glukosi au soda ndogo yenye sukari. Kuhusu saa ya kumeza dawa siku za safari, na afanye nini akiharisha, hilo sitalijibu mimi kutoka huku. Mpelekeni kwa daktari wake kabla hamjaondoka Mwanza, kwa sababu dawa zinatofautiana na zipo zinazoweza kuleta madhara mwili ukikauka maji.

Mkiugua tumbo pamoja na tahadhari zote, nunueni pakiti za ORS duka la dawa na mzichanganye kama zilivyoandikwa, kwa maji ya chupa. Mkikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto apewe kidogo kidogo, kwa kijiko, hata kama anatapika. Msimpe dawa ya kufunga tumbo. Nendeni hospitali, Mnazi Mmoja iko karibu na Mji Mkongwe, mkiona damu kwenye choo, homa kali, kuharisha maji mengi kama ya mchele, mtoto ambaye hakojoi au analia bila machozi, na kwa mama kutapika kunakomzuia kula na kunywa au kuchanganyikiwa kwa aina yoyote. Kwake msisubiri kuche. Midomo au macho yakivimba, au pumzi ikibana baada ya kula samaki au kamba, hiyo ni ya kukimbizwa papo hapo.

Nikupe na jambo moja la kupenda tu. Mwezi wa saba Makunduchi, kusini mwa kisiwa, wana Mwaka Kogwa, na kwao siku hiyo nyumba hupenda kuwa na mgeni. Mwulizeni mwenyeji wenu tarehe. Ikiangukia siku zenu, pandeni daladala ya Makunduchi mwende. Mkiambiwa karibuni ndani, ingieni, vueni viatu, mama akae kwanza, na mle kilichopikwa. Huko hamtahitaji kuuliza bei.

Siku ya kufika msipange mengi. Tueni mizigo, mama apumzike, saa kumi jioni tokeni, mwulizeni mtu wa kwanza aliyekaa barazani urojo anakula kwa nani.